Salamanda wa msitu wa mawingu

Tumetoka msituni sasa hivi, milima ya Cuchumatanes, Guatemala. Buti bado zinachuruzika maji.

Bolitoglossa jacksoni, salamanda (amfibia mwenye mkia, umbo kama mjusi) wa manjano na nyeusi, alionekana 1975.
Kisha kimya. Miaka 42, mpaka mlinzi wa hifadhi alipomwona tena 2017.

Huyu hana mapafu. Koo linapigapiga taratibu, lakini hewa inaingia kwa ngozi na utando wa kinywa, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu muda wote.
Kata miti upate malisho: jua linafika chini, bromelia (mimea inayoota juu ya miti na kushika maji) zinakauka, naye anakosa hewa.
Joto likizidi, mawingu yanayolowesha msitu nayo yanapanda juu zaidi. Ukiishi karibu na kilele, utahamia wapi?

Halafu kuna kuvu wa kitridi wanaokula ngozi. Aina ya Bsal, iliyotambuliwa 2013, iliwamaliza karibu wote wa jamii iitwayo salamanda wa moto huko Uholanzi. Ikivuka kuja huku, ni msiba.

Kuvu husafiri kwenye tope, kwa hiyo safisheni buti, jamani!
Brashi kwanza, tope lote litoke hadi kwenye mifereji ya soli. Ndipo Virkon, dawa ya kuua vijidudu: gramu 10 kwa lita 1 ya maji, dakika 5.
Wengi wanaruka brashi. Tope linameza nguvu ya dawa, kuvu anabaki mzima ndani yake.
Maji ya dawa yamwagwe mbali na kijito. Glavu mpya kwa kila mnyama.

Mnaofanya kazi milimani, pasipo maji ya kutosha mnasafishaje? Niambieni hapa chini.