Kufundisha chanzo cha ajali ya MV Bukoba: nilivyoligawa swali moja kuwa matatu

Ukiuliza darasa la kidato cha pili kwa nini MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, ilizama, majibu huja neno moja moja: uzembe, kujaza watu, tamaa ya fedha, mapenzi ya Mungu. Ukiyaandika ubaoni na kuyapa namba, yanaonekana kama somo limekamilika, kumbe hakuna kilichoelezwa. Shida haiko kwa wanafunzi. Swali lenyewe limebeba maswali matatu ndani yake, na kila moja lina jibu lake.

Kwa hiyo naanza kwa kuugawa ubao sehemu tatu. Kwanza: kwa nini meli ilipinduka asubuhi ile ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza? Pili: baada ya kupinduka, kwa nini walikufa watu wengi kiasi kile? Tatu: kwa nini mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa tofauti tofauti, wengine 894, wengine karibu 1,000? Sababu inayojibu swali moja inaweza isiguse kabisa jingine. Wanafunzi wakishaliona hilo, kazi iliyobaki inakwenda vizuri.

Nahitaji vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Darasa la wanafunzi 60 nalipanga makundi kumi ya watu sita sita. Wakizidi hapo, wawili wanafanya kazi na wengine wanatazama. Kila kundi linapata kadi kumi na mbili za manila, kila kadi ikiwa na tukio moja tu na bila neno la kulaumu. Kwa mfano: "Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430." "Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443." "Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha." "Meli ilipitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo, ndizi zikiwamo." "Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa ndefu na mbaya." "Baada ya kupinduka, meli ilielea kwa saa kadhaa chini juu, juu chini." "Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili kuwatoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, meli ikazama."

Usiwaambie walinganishe 430 na 443. Waache wagundue wenyewe kwamba meli ilishapita uwezo wake kabla hata ya kumhesabu mtu mmoja wa daraja la tatu.

Kadi zikishapangwa chini ya maswali matatu, kila moja inapimwa kwa sentensi ya -ngali-. Kiswahili kimetupa kipimo hiki bure, na naona ajabu kwamba tunakiacha kwenye somo la sarufi tu. "Abiria wa daraja la tatu wangaliandikwa, meli isingalipinduka." Je, ni kweli? Wengi husema hapana, karatasi ya majina haishiki meli. Halafu mmoja husema kwamba abiria wasiohesabiwa hawawezi kuzuiwa wakizidi, kwa hiyo orodha ingaliwafanya wakaguzi waone. Hapo mjadala unakolea. Nawapa muda mrefu kwenye kadi hii kuliko nyingine zote, maana inajibu swali la tatu moja kwa moja, na swali la kwanza kwa kuzunguka. Kadi ya barabara hupita haraka: haikupindua meli, lakini inaeleza kwa nini watu wengi namna ile walitegemea meli. Hiyo ndiyo sababu ya muda mrefu, na wanaielewa kuliko wakipewa tafsiri ya kukariri.

Neno "uzembe" nalipiga marufuku mpaka litimize masharti matatu: nani, alifanya nini, na alipaswa kufanya nini. Mwanafunzi akisema mapenzi ya Mungu, simbishii wala simcheki. Namwambia imani yake ibaki palepale, ila historia inauliza watu walifanya nini, kisha namrudisha kwenye kadi.

Kwenye kadi ya kutoboa meli, maneno hayatoshi. Chukua kopo tupu la nyanya la gramu 400, lililofunguliwa upande mmoja. Toboa kitako chake tundu moja kwa msumari wa inchi nne, kisha lizibe kwa kipande cha sabuni ya mche. Zungushia mdomo wa kopo waya wa kufungia nondo, gramu 200 hivi, ukibana kabisa ukingoni. Lishushe kwenye beseni la maji, mdomo ukiwa chini. Litaelea wima, kitako kikiwa juu ya maji. Sasa chomoa sabuni. Hewa inatoka kwa mlio wa kupuliza, na kopo linashuka mpaka chini ya beseni kabla hujamaliza kueleza. Kopo likilala ubavu, waya ni mwepesi au umepanda juu ya mdomo; ongeza na ushushe. Likizama lenyewe, sabuni inavujisha. Usitoboe kopo likiwa majini, maana nyundo italipindua na mfano utaharibika.

Kosa kubwa la zoezi hili ni wanafunzi kutoka wakisema meli ilizama kwa sababu ya kutobolewa. Warudishe ubaoni: tundu linajibu swali la pili, halijibu la kwanza. Waliotoboa walikuwa wanajaribu kuokoa.

Kwa swali la kwanza natumia galoni ya mafuta ya lita tano iliyolazwa na kukatwa ubavu wa juu, ikielea majini. Kilo moja ya mchanga ndani ya mfuko uliofungwa, ikiwekwa chini, galoni inatulia hata ukiisukuma kwa kidole. Mchanga uleule ukiwekwa juu ya ubao uliolazwa juu ya galoni, inapinduka. Uzito wa mchanga haukuongezeka hata gramu moja, umepanda tu. Siwaambii kwamba MV Bukoba ilipinduka hivyo hasa. Nataka "ilijaza" ifuatiwe na swali: ilijaza wapi?

Jambo moja lisisahaulike kwa shule za Mwanza, Kagera na Ukerewe. Watangazie somo siku moja kabla, usimwombe mwanafunzi yeyote asimulie habari za nyumbani kwao, na usiweke vitu vya kuwakilisha watu ndani ya kopo. Kuna familia zilizowazika wapendwa wao kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza.

Kazi ya nyumbani ni MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara, uwezo wake ukiwa watu 101, na waliokufa wakizidi 200. Wanachukua kadi zilezile kumi na mbili na kuandika ni zipi zinafaa miaka 22 baadaye bila kubadilisha zaidi ya jina la meli na namba, na ni zipi zinabidi kutupwa.