Loweka, Sugua, Paka: Kutunza Visigino Vyenye Magaga Nyumbani

Nyayo za binadamu hazina tezi za mafuta. Sehemu nyingine nyingi za mwili hujipaka zenyewe, kwa kuwa tezi zilizo kando ya vinyweleo hutoa mafuta yanayozuia maji ya ngozi yasipotee hewani, lakini unyayo, sawa na kiganja cha mkono, una tezi za jasho peke yake. Tena, tabaka la juu la ngozi, ambalo kwenye kope la jicho lina unene wa karibu milimita 0.05, hufikia takribani milimita 1.5 kwenye unyayo, na ndilo linalobeba uzito wa mwili mzima. Basi si ajabu kwamba kisigino hukauka na kupasuka kabla ya mahali pengine popote. Nimeanza na jambo hili kwa sababu watu wengi hapa Jinja, Uganda, wanayachukulia magaga kuwa dalili ya uchafu au ya uvivu, na mtu aliyetiwa aibu hutafuta dawa ya haraka. Nayo dawa ya haraka katika mji huu ni wembe.

Ngozi huwa ngumu kwa sababu inajikinga. Panapogandamizwa na kusuguliwa kila siku, mwili huongeza tabaka juu ya tabaka ili nyama laini iliyo chini isiumie, na hilo huwapata kwa urahisi wale wanaosimama kutwa nzima juu ya sakafu ya saruji, kama sisi walimu, au wanaouza sokoni wakiwa wamevaa sapatu zisizoshika kisigino. Mtu anapokanyaga, shahamu iliyo ndani ya kisigino, chini ya mfupa, hutanuka kwa pembeni. Kiatu kilichofungwa nyuma huizuia, ilhali kiatu kilicho wazi huiacha isukume ngozi hadi ukingoni, na ngozi iliyokauka, kwa kuwa haina mnyumbuko, huachana. Ndiyo maana mipasuko mingi huonekana kuzunguka ukingo wa kisigino na si katikati ya unyayo. Ukiikata ngozi hiyo kwa wembe huku kinachoigandamiza kikiendelea vilevile, itarudi, na huenda wembe ukawa umeacha jeraha mahali ambapo hapo awali kulikuwa na mgandamizo tu.

Kuna vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao vya rangi za kucha, ambao kwa bei nafuu huosha miguu, hukwangua visigino na kupaka kucha rangi mteja akiwa ameketi kibandani pake. Siwadharau hata kidogo, kwani wengi ni mafundi hodari na wanaishi kwa jasho lao. Hata hivyo, chombo chenye makali ambacho kimepita kwenye kisigino cha mtu mmoja kikatoa damu, kisha kikapita kwenye cha mwingine bila kuchemshwa, kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, na chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini Uganda mwaka 2002, yaani sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Anayependa kuhudumiwa na vijana hao aende na jiwe lake na kifaa chake cha kucha, na aombe wembe uachwe kabisa.

Njia ninayoipendekeza si uvumbuzi wangu, wala haikutoka kwenye maduka ya vipodozi. Imetoka kwa watu waliohudumia wagonjwa wa ukoma. Ukoma huharibu neva, mguu ukapoteza hisia na hata jasho, ngozi ikakauka na kupasuka bila mgonjwa kusikia maumivu, na kupitia mipasuko hiyo vijidudu huingia hadi mfupani. Kwa sababu hiyo wahudumu wa ukoma katika nchi nyingi wamewafundisha wagonjwa wao utaratibu mmoja usiohitaji mashine wala dawa ya ghali: kuloweka miguu kwenye maji, kusugua ngozi ngumu, kisha kupaka mafuta, kila siku, kwa mikono yao wenyewe. Sisi wa upande huu wa Busoga tuna jirani anayeifahamu kazi hiyo vizuri, nayo ni hospitali ya Buluba, wilayani Mayuge, iliyoanzishwa mwaka 1934 kuwa kituo cha wenye ukoma na ambako daktari Wanda Błeńska kutoka Polandi alifanya kazi kwa miongo kadhaa kuanzia mwanzo wa miaka ya 1950. Ikiwa utaratibu huo unamfaa mtu ambaye mguu wake hausikii chochote, sioni kwa nini usitufae sisi ambao tatizo letu ni vumbi, saruji na sapatu.

Kuloweka kunataka beseni na maji ya kawaida au ya uvuguvugu, si ya moto, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Maji ya moto huyeyusha mafuta machache yaliyopo na kuiacha ngozi ikiwa kavu kuliko ilivyokuwa. Hapo ndipo mambo mengi huharibika, kwa maana watu huona kwamba maji matupu hayana nguvu, basi hutia sabuni ya unga ya kufulia, au chumvi kwa wingi, au siki, au hukamua ndimu, na wako wanaotia hata dawa ya kung'arishia nguo. Sabuni ya kufulia, iwe ya unga au ya mche, imetengenezwa ili iondoe mafuta kwenye kitambaa, na haibagui kati ya kitambaa na ngozi. Chumvi nyingi hufyonza maji. Ndimu ni asidi, na yeyote aliyewahi kuitia kwenye mpasuko ulio wazi hahitaji maelezo yangu. Kama miguu ina vumbi jekundu la barabarani, ioshwe kwanza kwa sabuni ya kuogea, imwagiwe maji, ndipo ilowekwe kwenye maji masafi yasiyo na kitu.

Kusugua kufuate ngozi ikiwa bado mbichi na laini. Jiwe jepesi lenye matundu, lile linaloelea majini kwa kuwa limetokana na volkano, linapatikana kwa wauza vipodozi na ni zuri. Dodoki, ambalo majirani zetu Waganda huliita ekyangwe, linatosha kwa ngozi isiyo ngumu sana. Na gunzi la mahindi lililokauka, ambalo mabibi zetu walilitumia, halina ubaya wowote likiwa safi. Kipande cha tofali au ngazi ya saruji nje ya mlango sikipendekezi, kwa sababu huchubua badala ya kulainisha. Sugua kwa mwendo mmoja, polepole, bila kukandamiza, na uache mapema kuliko unavyotamani. Lengo ni kuondoa kile kilichokufa na kulegea leo, si kuufikia unyayo wa mtoto mchanga kwa usiku mmoja. Ngozi ikianza kuwa ya moto au ya waridi, umeshapita mpaka. Jiwe lisuuzwe, likaushwe juani, na kila mtu nyumbani awe na lake.

Sasa kupaka, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanayafungia yale yaliyopo. Kwa hiyo anayejipaka mafuta juu ya kisigino kilichokauka tangu asubuhi amefungia ukavu ndani. Futa miguu kwa taulo, kausha vizuri katikati ya vidole, kisha visigino vikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache, paka. Jeli ya kawaida, ile iliyotokana na petroli na ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1872, bado inashinda krimu nyingi za bei kubwa katika kazi ya kuzuia maji yasitoke. Anayechukia kunata kwake ana mafuta ya shea, na katika hili Uganda imebarikiwa: mshea wa kaskazini, kutoka nchi ya Waacholi na Walango hadi Teso na Nile Magharibi, ni wa jamii ya nilotica, ambao mafuta yake ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi na huyeyuka upesi mkononi. Waacholi na Walango huyaita moo yaa. Yaliyotengenezwa kwa njia ya kienyeji, kwa kukaanga kokwa, kutwanga na kuchemsha, huwa na harufu ya moshi ambayo si kila mtu anaipenda. Mimi naipenda, lakini nimeshaambiwa nyumbani nisipake kabla ya kwenda harusini. Mafuta ya simsim na ya nazi nayo yanafaa, ingawa hayakai juu ya ngozi kwa muda mrefu kama jeli.

Ngozi ikiwa nene mno hivi kwamba jeli haitoshi, ulizia kwenye duka la dawa krimu yenye yurea. Yurea ipo kwa asili ndani ya ngozi yetu na huvuta maji. Krimu yenye asilimia 10 hulainisha, na zile zenye asilimia 20 na kuendelea hadi 40 huyeyusha pia tabaka lililokufa. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye kasha kabla ya kulipa. Huwasha kwenye mipasuko mibichi, kwa hiyo anza nayo mipasuko ikishafunga. Na kwa kuwa nimeshaulizwa kwa dhati: la, yurea ya mbolea haifai, hata ikiyeyushwa kwenye maji, kwa sababu haikusafishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu.

Baada ya kupaka, vaa soksi za pamba ulale nazo. Joto la Jinja likikushinda, zivae walau ile saa moja unapotazama taarifa ya habari. Wako wanaofunga miguu kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, ili mafuta yasitoke. Njia hiyo hulainisha kweli, ila hufanya ngozi ioze kwa jasho ikiachwa usiku kucha, na mtu akiamka gizani huteleza.

Mpasuko uliokwisha kutoa damu usisuguliwe. Uoshwe kwa maji safi na sabuni laini, ujazwe jeli, ufunikwe kwa plasta inayovuta kingo zake zikaribiane, na ubadilishwe plasta kila siku hadi ufunge. Vitabu vingi vinasema tuangalie wekundu kama dalili ya kuoza, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa kwa nyuma ya mkono: joto kuliko mguu wa pili, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au usaha, vyovyote kati ya hivyo vikupeleke kituo cha afya bila kusubiri.

Mwenye kisukari asiufuate utaratibu huu kama ulivyo. Mguu wake huenda umepungukiwa na hisia bila yeye kujua, na kuloweka kwa muda mrefu hulegeza ngozi yake na kuifungulia njia ya vidonda. Aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu ambayo ameyapima kwa kiwiko, aikaushe, apake mafuta juu na chini bila kutia katikati ya vidole, aikague kila jioni kwa kioo au kwa jicho la mwanawe, na asiguse wembe wala dawa za kuyeyusha ngozi zenye asidi ya salisili. Ngozi yake ngumu ipunguzwe na mhudumu wa afya.

Tena si kila ukavu ni ukavu. Kama unga mweupe unafuata mistari ya unyayo, mguu mmoja ukiwa umeathirika kuliko mwingine, na kucha zimekuwa nene na za manjano, huenda hao ni fangasi, na jeli haitawaondoa hata ukiipaka mwaka mzima. Krimu ya klotrimazoli husaidia ikitumiwa kwa wiki kadhaa mfululizo, lakini kwenye unyayo mnene mara nyingi daktari hulazimika kutoa dawa ya kumeza. Jihadhari na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani yake: hutuliza mwasho siku za mwanzo, mgonjwa akafurahi, huku fangasi wakienea chini kwa chini.

Miezi ya Desemba hadi Februari, jua linapokausha hata majani ya kando ya ziwa, utaratibu wote ufanywe kila siku. Mvua za Machi zikishaanza na visigino vikiwa vimetulia, kuloweka na kusugua mara mbili kwa wiki kunatosha, ila kupaka kusikatizwe. Tunaotawadha mara tano kwa siku tuna sababu zaidi ya kuliangalia hilo, kwa kuwa maji yanayokaukia mguuni yenyewe bila mafuta huondoka na unyevu wa ngozi. Saa inayofaa ni baada ya Isha, tunapokuwa hatutoki tena. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, na mwenye kupungukiwa na fedha anunue kwanza kopo la jeli, kisha jiwe, kisha viatu vilivyofungwa nyuma, na krimu ya yurea iwe ya mwisho.