Linux ya meinfremu inaposhindwa kupita kwenye proksi

Muunganisho wa wavuti unaopitia proksi (seva ya kati inayopokea maombi na kuyapeleka nje) unapogoma kwenye Linux ya IBM Z, yaani meinfremu za IBM, wasimamizi wengi huishuku mashine yenyewe, kwa kuwa hawajaizoea. Mimi hutanguliza swali moja: je, proksi imejibu chochote? Kukataliwa na kunyamaziwa ni matatizo mawili yasiyohusiana, na amri ya curl -v, inayotuma ombi la wavuti na kuonyesha kila hatua, huyatenganisha papo hapo.

Jibu la 407 maana yake proksi inadai jina la mtumiaji na nenosiri. Nenosiri likiwa na alama ya @, iandikwe %40, la sivyo anwani nzima itasomwa vibaya. Jibu la 403 ni katazo la sera, na hapa meinfremu ina upekee wake: Ubuntu ya s390x (jina la usanifu wa meinfremu hizi) haichukui vifurushi vya programu kutoka archive.ubuntu.com bali ports.ubuntu.com, kwa hiyo orodha ya ruhusa iliyotungwa kwa ajili ya seva za kawaida za x86 itaifungia nje ingawa kila mpangilio uko sawa.

Kuna pia hali ambapo curl inafaulu lakini dnf (kisakinishi cha vifurushi cha Red Hat na Fedora) chini ya sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, inashindwa. Kwa kawaida sudo hufuta vigezo vya mazingira, ambamo anwani ya proksi huwekwa, na huduma za systemd (zinazoendeshwa na mfumo wenyewe) hazisomi /etc/profile kabisa. Ndiyo maana napendelea kuiandika proksi ndani ya dnf.conf au kwenye faili la huduma husika.

Kimya ndicho kigumu. Kama hata TCP haifunguki, amri ya lsqeth itaonyesha hali ya kadi ya mtandao, na chini ya z/VM (mfumo unaoendesha mashine pepe kwenye meinfremu) hakikisha mashine pepe imepewa idhini ya kutumia VSWITCH, yaani swichi pepe. Lakini hali inayowatesa watu zaidi ni ile ambayo CONNECT, ombi la kuitaka proksi ifungue njia, inajibiwa 200 (imekubaliwa) vizuri, kisha mapatano ya TLS, yaani ya usimbaji fiche, yanaganda. Mara nyingi chanzo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti: kadi ya OSA (kadi ya mtandao ya meinfremu) imewekwa 8992, proksi nayo inatumia fremu kubwa, ilhali swichi moja iliyo katikati inapitisha 1500 tu na kuzitupa fremu kubwa bila kumwarifu yeyote. Ombi dogo linapita. Vyeti vya TLS, vilivyo vizito, vinapotelea njiani. Pima kwa ping -M do -s 8964 kuelekea proksi, halafu -s 1472 (kila moja ni MTU ukitoa baiti 28 za vichwa; -M do huzuia pakiti kugawanywa). Ya pili ikipita na ya kwanza ikakwama, umempata mhalifu, na ukiishusha MTU hadi 1500 kwa ip link mawasiliano yatarejea.

Kabla ya kuigusa MTU kupitia SSH, fungua konsoli ya 3270 (skrini ya meinfremu isiyotegemea mtandao wa Linux) pembeni, maana ukijikata hiyo ndiyo njia ya kurudi. Kwa kawaida konsoli hiyo hufanya kazi mstari kwa mstari na kihariri cha vi hakitumiki humo, kwa hiyo marekebisho ya mafaili yafanywe kwa sed, amri inayohariri faili bila kulifungua kwenye skrini, au kwa amri fupi ulizokwisha kuziandaa.