Panya mwenye kibao

Jioni ya leo, hapa London, nimeketi na binti yangu kutazama Horrible Histories, vichekesho vya historia ambavyo BBC ilianza kuwaonyesha watoto mwaka 2009, vikitokana na vitabu vya Terry Deary.

Tulimwona Mathew Baynton akiimba kama Mfalme Charles II, aliyerejesha maigizo na sherehe baada ya miaka ya marufuku ya Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali. Kisha Simon Farnaby akatokea akiwa Kifo, akiwahoji marehemu waliokufa kwa namna za ajabu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni panya.

Panya huyo wa kikaragosi, Rattus Rattus, huchomoza katikati ya mzaha na kuinua kibao cha kueleza kwamba jambo hilo lilitokea kweli. Kila kibao kilipoinuliwa, binti yangu aliacha kucheka, akanigeukia na kuuliza, “Mama, kweli?”

Nilifurahi mno, kwa sababu mtoto anayeuliza swali hilo ameanza kutenganisha utani na ushahidi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria.

Waigizaji hawa, wakiwemo Martha Howe-Douglas, Jim Howick, Ben Willbond na Laurence Rickard, hubadilisha sura na sauti mara kwa mara katika kipindi kimoja, wala hawamdharau mtazamaji mdogo hata kidogo. Sishangai kwamba hao wanne, pamoja na Baynton na Farnaby, baadaye walibuni pamoja tamthilia ya Ghosts.

Ndugu zangu wenye watoto, ninyi mnatazama nini nao, na ni swali gani la historia waliwahi kuwauliza mkakosa jibu?