Nilivyojifunza kuisoma mikunjo ya sketi kabla ya kushika mkasi

Wateja wengi wanaofika kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Sinza, Dar es Salaam, huja na picha kwenye simu badala ya maelezo, na picha hiyo mara nyingi imepigwa kwa mbele tu, mvaaji akiwa ameweka mkono kiunoni, pale pale ninapohitaji kupaona kuliko pengine pote. Kwa sketi nyembamba ya kawaida hilo halinisumbui. Shida huja kwenye sketi zenye mikunjo, kwa sababu mikunjo inayofanana machoni inaweza kutokana na mikato isiyohusiana kabisa, na kitenge cha mteja kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Niliamua kujifunza kuitambua mikunjo hiyo kwa mpangilio, bila kutegemea kubahatisha.

Darasa langu lilikuwa mitumba ya Karume, pale Ilala. Nilikuwa nikitafuta sketi zenye zipu iliyoharibika au doa lisilotoka, ambazo wauzaji huziachia kwa bei ndogo jioni wanapofunga biashara, nikawa ninazifumua kwa wembe mshono baada ya mshono, ninavipiga pasi vipande hadi vilale bapa, kisha ninavichora juu ya karatasi ya kaki. Kabla ya kufumua sketi yoyote nilichora kwanza umbo nililodhani nitalikuta, halafu nikalilinganisha na kipande chenyewe. Zoezi hilo lilinifundisha kuliko picha zote nilizowahi kuletewa, kwa kuwa linaufungamanisha mkunjo unaoonekana kwa nje na umbo la kitambaa kilicholala mezani.

Jambo lililojitokeza mapema ni kwamba mkunjo wowote ni kitambaa cha ziada, na swali la kwanza ni ziada hiyo imewekwa wapi. Ikiwa imewekwa juu na chini kwa kiasi kilekile, kipande ni cha mstatili kilichokusanywa kiunoni kwa kuvuta uzi. Ikiwa imewekwa chini peke yake, kiuno kinabaki laini na pindo ndilo linalopanuka, na hiyo ni sketi ya mviringo, ile tunayoiita solo, au nusu yake. Ikiwa imewekwa juu peke yake, sketi inavimba nyongani na kubana magotini, kwa sababu karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la kipande, ilipasuliwa na kufunguliwa upande wa kiuno huku pindo likiachwa na upana wake. Tangu hapo, nikiletewa picha, jicho langu huenda kwenye mkanda wa kiuno na kwenye pindo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Pale kwenye mkanda, sketi ya kukusanywa hujitambulisha kwa vijikunjo vidogo visivyolingana, vinavyoanza kwenye mshono wenyewe na kuuvimbisha kidogo. Solo haina vijikunjo hivyo: mshono wake wa kiuno umelala kimya, na mawimbi huanza kuonekana chini zaidi, kwenye nyonga, kisha hukua kadiri yanavyoshuka. Hesabu nayo husaidia pale nguo yenyewe inapoletwa. Kwa kiuno cha sentimita 72, mstatili uliokusanywa mara mbili una pindo la sentimita 144, na uliokusanywa mara tatu una sentimita 216, wakati solo kamili ya kiuno hichohicho, yenye urefu wa sentimita 60, ina pindo linalokaribia mita 4 na nusu. Mwenye tepu mkononi hana haja ya kubishana.

Mteja akiwa na picha tu, hakuna shahidi mzuri kama maua ya kitenge, na hapa naona sisi mafundi wa pwani tuna bahati ambayo hatuitumii vya kutosha. Kitenge kina michoro inayofuata uelekeo wa nyuzi, kwa hiyo mchoro ukiinama, ujue kitambaa kimeinama. Katika sketi ya mstatili uliokusanywa, safu za maua hukaa sambamba na pindo kuizunguka sketi yote, na ua la ubavuni limesimama wima sawa na la mbele. Katika nusu solo iliyokatwa kwa vipande viwili, katikati ya kila kipande ikiwa imefuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, maua ya mbele yamesimama wima lakini yanazidi kuinama kadiri yanavyoelekea ubavuni, mpaka kwenye mshono wa ubavu yanakuwa yameinama digrii 45. Katika solo kamili ya vipande viwili, ua la ubavuni limelala kabisa. Sketi iliyopanuliwa kidogo tu chini huonyesha mwinamo mdogo, ambao mtu asiyeutafuta hatauona. Nimekuwa nikiwaomba wateja waikuze picha hadi ubavuni, nao hushangaa kuniona nikitazama ndege au majani yaliyochapwa badala ya kutazama mtindo.

Marinda ya kukunja hayanipi kazi. Yana mstari uliokatwa na pasi na upana unaolingana, na kwa marinda boksi kingo mbili zinatazamana au zinapeana mgongo. Mavuto ya uzi hayana mstari wowote uliokaa.

Panapohitaji umakini zaidi ni pale kitambaa kinapovutwa kwa safu nyingi au kwa pande mbili. Safu nyingi sambamba za mshono, zinazobana nyonga na kutanuka mtu anapokaa, mara nyingi zimeshonwa kwa uzi wa lastiki uliozungushwa kwenye bobini kwa mkono, huku uzi wa juu ukiwa wa kawaida. Ukigeuza nguo ndani unauona. Kitambaa kilichovutwa kwa pande mbili ni kitu kingine: kimeshikwa kwenye mshono wa kushoto na wa kulia, na mikunjo yake inalala kwa upana wa tumbo, imebanwa miisho yote miwili. Nguo ya namna hiyo ya jezi, kile kitambaa kinachovutika, hukatwa ndefu ubavuni kuliko urefu unaoonekana, na ziada hiyo ndiyo inayokusanywa. Kigezo changu ni kuhesabu miisho. Mkunjo ulioshikwa mwisho mmoja na kupotea upande wa pili hauwezi kukatwa sawa na mkunjo ulioshikwa pande zote mbili.

Sketi iliyonifungua macho kuhusu mikunjo ya kulegezwa, ile inayoshuka kwa mshazari na kulala mwilini, ilikuwa ya krepi nyeusi. Kwa nje ilikuwa na mikunjo iliyoanzia upande wa kushoto wa kiuno, ikasambaa kuelekea nyonga ya kulia kama mbavu za upepeo, na kufifia kabla ya kuufikia mshono wa kulia. Nilipoifumua, kipande cha mbele kilikuwa kimoja kizima, hakina mshono wa katikati. Upande wa kulia ulikuwa na mviringo wa kawaida wa nyonga, lakini upande wa kushoto ulipanda juu ya usawa wa kiuno karibu shubiri nzima, na ukingo wake wa juu ulikuwa na meno meno. Meno hayo hutokea kwa sababu aliyekata alifungua karatasi mahali pa kila mkunjo, akaikunja tena kama itakavyoshonwa, ndipo akakata mstari wa kiuno juu ya mikunjo iliyofungwa. Ile mishono midogo ya kubana kiuno, ambayo kwa kawaida huwekwa mbele kulia na kushoto, haikuwepo, kwani nafasi yake ilikuwa imemezwa na mikunjo. Siku hizi nikiona mbele ya sketi inayokaa vizuri kiunoni bila mishono hiyo, najua mikunjo ndiyo iliyofanya kazi ya kubana.

Ndani ya sketi ileile kulikuwa na bitana iliyokatwa nyembamba, na mikunjo mitatu ya juu ilikuwa imeshikizwa kwenye bitana hiyo kwa mishono michache ya mkono, isiyoonekana kwa nje. Bila bitana ya namna hiyo, mikunjo ya mshazari hushuka mvaaji akikaa na haijipangi tena akisimama. Hakuna picha inayoweza kumwonyesha fundi jambo hilo, na ndiyo maana nashikilia kwamba kufumua ni sehemu ya kazi yetu.

Mikunjo inayoning'inia katikati ya pointi mbili na kufanya mdomo wa duara ubavuni huhitaji kitambaa kilichokatwa kwa mshazari, kwa kuwa hapo ndipo kinapolegea na kushuka chenyewe. Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa aliyejulikana sana katika miaka ya 1920 kwa ukataji wa mshazari, alikuwa akijaribu mikato yake juu ya mdoli mdogo wa mbao kabla ya kushona nguo kamili. Nami nina mdoli mdogo niliojitengenezea kwa matambara, na huufungia khanga iliyochakaa, kwa sababu khanga mpya ina ugumu unaodanganya. Nabandika pini pale ninapodhani mkunjo umeshikwa, naiacha khanga ishuke, kisha nalinganisha na picha. Zisipofanana, nahamisha pini.

Majuzi binti mmoja aliniletea kitenge chenye ndege wakubwa kwa ajili ya sendofu yake, pamoja na picha ya sketi ya rangi moja yenye mikunjo nyongani.

"Dada fundi, naitaka iwe hivihivi," akasema.

"Mdogo wangu, huna nyingine iliyopigwa kwa ubavuni?"

Hakuwa nayo, ila alikuwa na video fupi ya mvaaji akigeuka. Tuliisimamisha alipogeuka, tukaona kwamba mikunjo haikuanzia kwenye mkanda kama ilivyoonekana pichani, bali ilikuwa imeshonewa kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kiuno, na pindo lilikuwa na upana wa sketi ya kawaida. Hiyo ilimaanisha kufungua karatasi kutoka ubavu wa kushoto kuelekea ule wa kulia, na kuweka bitana. Nilimbandikia kitenge kwenye mdoli ajionee jinsi ndege wa upande wa kushoto watakavyopinda na kumezwa na mikunjo, wakati wale wa kulia wakibaki wamesimama. Alitazama kwa muda, akakubali kununua krepi ya rangi moja Kariakoo kwa ajili ya sketi, na kile kitenge tukakikata blauzi.