Kopo la krimu na mizani

Jumapili, jioni

Wiki nzima nimekuwa nikiurudia utafiti wa Nambour kuhusu krimu ya kujikinga na jua, kalamu mkononi. Sisi wa magonjwa ya ngozi tunautaja kila mara, lakini kuutaja ni jambo moja na kuusoma neno kwa neno ni jingine.

Nambour ni mji mdogo kaskazini mwa Brisbane, katika jimbo la Queensland, Australia. Ni nchi iliyojulikana kwa miwa, mananasi na jua lisilo na simile. Mwaka 1992 mtafiti Adèle Green na wenzake waliwagawa wakazi 1,621 kwa bahati nasibu. Nusu walipewa krimu ya kujikinga na jua, wapake kila asubuhi kichwani, shingoni na mikononi. Nusu nyingine waliachwa na mazoea yao: atakaye apake, asiyetaka basi. Hakuna aliyekatazwa, maana ungeanzaje kumkataza mtu kujikinga na jua la kule? Kwa hiyo kilichopimwa hasa ni tofauti ya kupaka kila siku na kupaka siku ukikumbuka. Walijaribu pia vidonge vya beta-karotini (ile rangi ya karoti), navyo havikufua dafu.

Hadi mwaka 1996, saratani ya skwamasi, yaani ya seli bapa za juu ya ngozi, ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 40 kwa wale wa kila siku. Ile ya seli za chini ya tabaka hilo la ngozi, ambayo ndiyo imezagaa zaidi kwa Wazungu, haikutikisika. Na melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi? Ilibidi wangoje. Miaka kumi baada ya jaribio kufungwa walihesabu wagonjwa 11 upande wa kila siku na 22 upande wa pili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Karibu miaka ishirini tangu krimu ya kwanza ifunguliwe! Sisi tukiandika ombi la fedha, wanataka waone matokeo kabla mradi haujafika miaka mitatu. Daktari wa upasuaji ana uvimbe kwenye chupa wa kuonyesha. Mimi nionyeshe nini? Sikio lililobaki kuwa sikio?

Huku kwetu Tanzania muuaji mkubwa wa watu wenye ualbino ni hiyohiyo skwamasi. Hawana melanini ya kutosha, ile rangi inayoikinga ngozi, na jua huanza kuwala tangu utotoni: masikio, midomo, shingo, mabega. Magamba yasiyopona huja mapema, kidonda kinafuata, na wengi hufika hospitali kikiwa kimeshachimba. Magamba hayo yakiwahiwa huondolewa kliniki kwa kugandishwa, mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Krimu ipo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, ilianzishwa Kilisun, iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi hii na kwa jua hili. Lakini (na hapa nitawaudhi wenzangu) bango linalotanguliza krimu kabla ya shati silipendi. Shati la mikono mirefu halihitaji kupakwa upya saa nane mchana. Kofia iwe pama, si kapelo. Kapelo inafunika paji la uso na kuyaacha masikio na kisogo vikiungua. Krimu ni ya pale nguo isipofika.

Kilichonikaa kichwani zaidi kule Nambour ni jambo dogo: walikuwa wakipima uzito wa chupa zilizorudishwa. Mtu anaweza kukuambia anapaka kila siku, ila mizani haina aibu. Nikasema, nasi tufanye hivyo.

Juzi nikamweleza mama mmoja aliyekuja na bintiye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

“Sawa, daktari. Ila kopo mmeandika jina la huyu, na nyumbani wapo watatu. Nimpake huyu, wadogo zake wakae wananitazama?”

Kopo lake lilikuwa tupu kabisa. Kwa hesabu ya Nambour, huyo binti angekuwa mfano wa kuigwa, kumbe amepata theluthi tu.

Basi kipimo chetu hakiwezi kuwa mtu mmoja. Lazima iwe kaya, na makopo yatolewe kwa kaya. Nimemwandikia mwenzangu tunayeandaa naye dodoso. Amejibu kwamba nisisahau na jirani, maana wapo wanaoiomba krimu wakidhani inang'arisha uso. Swali la jirani nimeliweka chini ya lile la kofia.