Asubuhi Maji Yalipogoma Kuiachia Ndege

Warushaji wa ndege ndogo za rimoti zenye magurudumu huona kazi ya ndege ya majini ni nyepesi: unang'oa magurudumu, unafunga maboya, basi. Mzee aliyenifundisha mchezo huu alikuwa akiwasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Na breki umefunga wapi?" Hapo ndipo wanaponyamaza. Juu ya maji hakuna breki. Mota ikiwaka hata polepole, ndege inatembea. Ikizimwa, upepo unaichukua unakotaka wenyewe.

Siku ninayoikumbuka ni ile niliyoipeleka ziwani ndege yangu ya kwanza ya maboya. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo moja na ushei. Maboya niliyachonga mwenyewe kwa povu gumu, nikayavika kitambaa cha nyuzi za kioo kwa gundi ya epoksi, urefu wake kama robo tatu ya kiwiliwili cha ndege. Chini ya kila boya niliacha kidato, yaani mahali ambapo tumbo la boya linakatika ghafla na kupanda juu kidogo. Hicho nilikipima nikakipima tena, kwa sababu lazima kikae nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito. Kikirudi nyuma sana, pua haiinuki. Kazi yake ni kuingiza hewa chini ya boya ndege inapokimbia, la sivyo maji yanaling'ang'ania. Kipokezi, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, nilikifungia ndani ya puto na antena nikaipandisha juu kabisa, maana mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji.

Ziwa lilikuwa shwari, halina hata kunyanzi. Mimi nikafurahi. Mzee akalitazama, akatikisa kichwa. "Leo utasukuma sana, kijana."

Nikasukuma kijiti cha moto, kile cha rimoti kinachoongeza nguvu ya mota. Ndege ikanguruma, ikachimba maji, ikapanda juu ya vidato vyake ikaanza kuteleza vizuri kabisa, mikia miwili ya povu ikimwagika nyuma. Ikateleza. Ikaendelea kuteleza. Nikavuta usukani wa mkia. Pua ikainuka, mwendo ukapungua, ikakaa chini tena. Mzee akaniambia nilaze bawa kidogo ili boya moja litoke kwanza, kwani kuling'oa moja ni rahisi kuliko kuyang'oa yote mawili kwa pamoja. Boya la kushoto likatoka kweli, la kulia likagoma. Kila jaribio lilikuwa likila betri, nayo ilikuwa ndogo, ya seli tatu, volti 11.1.

Mzee akaona nimekunja uso, akaanza habari yake aipendayo: kwamba Henri Fabre, Mfaransa aliyekuwa wa kwanza kuruka kutoka majini kwa ndege yenye injini, tarehe 28 Machi 1910, hakuwa amewahi kurusha ndege yoyote kabla ya siku hiyo. Na alipaa. "Tena yeye alikuwa amekaa ndani," akamalizia. Sikuona faraja yoyote humo.

Kisha, bila kusema neno, akaingia kwenye mtumbwi tuliouleta kwa ajili ya kuokolea ndege, akapiga kasia kwa nguvu akikata mbele ya njia yangu, akageuka, akarudi. Nilidhani ameudhika. Mpaka nilipoona viwimbi vinatanuka nyuma ya mtumbwi ndipo nikaelewa. Maji laini hushika boya zima kwa pamoja. Maji yenye viwimbi huligusa hapa na pale, na hewa inapata pa kupita. Nikaipeleka ndege kwa kasi yote, mshazari. Maboya yakapiga wimbi la kwanza, la pili, tak-tak-tak, kisha sauti ikakatika. Ilikuwa hewani.

Kuruka kwenyewe sina mengi ya kusimulia. Nilizunguka juu ya ziwa mara chache nikiwa nimeuma midomo. Kutua ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu maji yale laini yalikuwa yameakisi mbingu nzima na sikuweza kujua yanaanzia wapi. Nikafanya kama Mzee alivyonifunza: nikaacha moto kidogo, pua juu kidogo, ndege ishuke yenyewe taratibu mpaka maji yaifuate. Iligusa kabla sijatarajia, ikarusha maji, ikasimama bila kupinduka.

Ndipo upepo ukaamka, kwa ukaidi tu, ukitoka nchi kavu. Ndege ikageuza pua kuutazama na kukataa kupinda kokote. Betri ilikuwa inakata roho. Nikaipa moto mchache wa mwisho, ikajikongoja mpaka magugu ya ufukweni, nikaingia majini kuichukua.

"Una betri nyingine?" Mzee akauliza. Nilikuwa nayo, ila mikono ilikuwa inatetemeka, nikampa rimoti. Akaiweka ndege majini, akasukuma kijiti, na kabla sijajipangusa vizuri ilikuwa imeshapaa.

"Mzee, wewe umepewa viwimbi vya bure na upepo!"

"Vya kwako je? Nilivitengeneza kwa kasia," akajibu, macho yake yakiwa juu. "Hebu nishikie kofia."